Fundi Simu na Deni la Mgodi

Katikati ya Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizima simu bandia nchi nzima. Kenya ilikuwa imetangulia, mwishoni mwa Septemba 2012. Katika nchi zote mbili mjadala ulihusu usalama wa mtumiaji, wizi, ushuru unaopotea na haki za makampuni ambayo nembo zake ziliigwa, na nchini Tanzania watu wengi walijifunza kwa mara ya kwanza kubonyeza *#06# ili waione namba tambulishi ya simu yao na kuituma kwenda 15090. Swali ambalo halikupewa uzito unaolingana na hayo lilihusu vifaa vyenyewe, yaani plastiki, vioo, betri na shaba ambavyo kulipokucha havikuwa na kazi tena. Simu iliyofungiwa mtandao haitoweki. Inabaki katika droo, katika boksi la fundi, au inatupwa pamoja na maganda ya ndizi na kupelekwa dampo.

Ripoti ya Umoja wa Mataifa kuhusu taka za kielektroniki iliyotolewa mwaka 2024 inaeleza kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za aina hiyo, na kwamba ni asilimia 22.3 tu zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa kwa njia rasmi. Kwa Afrika kiwango hicho hakifiki asilimia 1. Vifaa vidogo vya mawasiliano na kompyuta, simu zikiwamo, vilichangia tani milioni 4.6, kiasi kidogo kuliko kile kinachotokana na majokofu au televisheni. Anayepima kwa mizani peke yake atahitimisha kwamba simu si jambo la kushughulisha akili, lakini atakuwa amekosea, kwa sababu uzito wa simu mkononi hausemi chochote kuhusu uzito wa mawe yaliyopasuliwa, maji yaliyochafuliwa na makaa yaliyochomwa mpaka ikafika mkononi humo.

Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba sehemu kubwa ya madhara ya simu kwa mazingira hutokea kabla haijawashwa mara ya kwanza, na kwa hiyo hatua yenye manufaa makubwa zaidi ni kuirefushia maisha simu iliyokwisha kutengenezwa. Urejelezaji ni wa lazima, lakini unakuja nyuma ya hapo. Sera zetu, pamoja na kampeni za makampuni yanayoweka mapipa ya kukusanyia simu kuukuu kwenye milango ya maduka yao, mara nyingi zimeanzia mwisho wa safari na kuuacha mwanzo wake.

Makampuni makubwa yenyewe, katika taarifa zao za kila mwaka, hukadiria kwamba simu janja moja husababisha takriban kilo 40 hadi 80 za hewa ya ukaa katika maisha yake yote, na kwamba karibu asilimia 80 ya kiasi hicho hutokana na uchimbaji wa madini, utengenezaji wa vipuri na uunganishaji. Umeme wa kuchaji ni sehemu ndogo sana, kwa kuwa simu moja hutumia uniti chache tu za umeme kwa mwaka mzima. Ushauri wa kuchomoa chaja ukutani ili kuokoa mazingira una ukweli wake, lakini ni mdogo mno ukilinganishwa na uamuzi wa kubadilisha simu mwaka huu au kusubiri miaka mitatu zaidi. Tuseme utengenezaji wa simu moja umegharimu kilo 60 za hewa ya ukaa. Ikitumika miaka miwili, kila mwaka unabeba kilo 30. Ikitumika mitano, kila mwaka unabeba kilo 12. Hakuna kiwanda cha kurejeleza kinachoweza kuleta tofauti ya ukubwa huo, kwa sababu kiwanda hupokea simu ambayo deni lake limeshalipwa na ardhi, na kinachoweza kurudisha ni sehemu tu ya malighafi.

Deni hilo lina mahali, na sisi wasemaji wa Kiswahili hatuna haki ya kulizungumzia kama jambo la mbali. Takriban asilimia 70 ya kobalti, metali ya kutengenezea betri, inayochimbwa duniani hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa katika majimbo ya Lualaba na Katanga ya Juu, ambako mchimbaji wa Kolwezi anapopatana bei ya gunia la mawe anapatana kwa Kiswahili. Koltani, inayotoa metali ya tantalamu ya kutengenezea kapasita, yaani vipuri vidogo vya kutunzia chaji ya umeme vilivyo ndani ya kila simu, huchimbwa kwa wingi Rubaya, katika wilaya ya Masisi, Kivu ya Kaskazini. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanakadiria kwamba Rubaya pekee hutoa karibu asilimia 15 ya tantalamu ya dunia, na tangu Aprili 2024 machimbo hayo yamekuwa mikononi mwa waasi wa M23. Milima imekatwa mpaka mifupani, mito inapita na tope, na mashimo yanaporomoka wakati wa mvua yakiwa na watu ndani. Tanzania nayo inaingia katika mnyororo huo kwa dhahabu ya Geita na kwa madini ya kinywe (grafiti) ya Mahenge yanayotarajiwa kuingia katika betri. Kwa hiyo tunaposema madhara ya simu hutokea mwanzoni, tunasema yanatokea kwa jirani zetu, na kwa kiasi fulani nyumbani kwetu.

Urejelezaji, basi, una uwezo gani wa kuipunguzia ardhi hiyo mzigo? Kwa baadhi ya metali uwezo wake ni mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Shirika la Mazingira la Marekani linakadiria kwamba katika simu milioni moja zilizorejelezwa hupatikana takriban tani 16 za shaba, kilo 350 za fedha, kilo 34 za dhahabu na kilo 15 za paladiamu. Kwa kuwa simu milioni moja zina uzito wa tani mia moja na ushei tu, hiyo ni dhahabu ya gramu mia kadhaa kwa kila tani, ilhali mwamba wa mgodi mara nyingi hutoa gramu chache tu kwa tani. Aliyeona jinsi wachimbaji wadogo wanavyoosha mchanga kwa zebaki karibu na vyanzo vya maji ataelewa thamani ya dhahabu inayopatikana bila kuchimbua shimo jingine.

Hata hivyo dhahabu hiyo haitoki kwenye bodi ya simu kwa nyundo na tindikali katika ua wa nyumba. Kuitoa kwa usalama kunahitaji tanuri kubwa zenye mitambo ya kuchuja moshi, na tanuri za namna hiyo ni chache duniani. Moja inayojulikana sana iko Hoboken, kando ya jiji la Antwerp nchini Ubelgiji, na ni ya kampuni ya Umicore. Historia yake inapaswa kujulikana na kila anayeandika kuhusu suala hili kwa Kiswahili, kwa sababu Umicore ndiyo mrithi wa Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906 kuchimba shaba ya Katanga, na ambayo makambi yake ya wafanyakazi yalichangia sana kukieneza Kiswahili katika miji kama Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Serikali ya Mobutu ilitaifisha migodi yake mwanzoni mwa mwaka 1967, na mwaka 2001 kampuni ikachukua jina inalotumia sasa. Karne moja iliyopita madini ghafi ya Katanga yalisafiri kwenda Ubelgiji kusafishwa. Leo bodi za simu zilizokufa Afrika husafiri kwenda Hoboken kuyeyushwa, na thamani kubwa ya kazi hiyo inabaki huko huko ilikobaki zamani.

Nalisema hili bila kuilaumu teknolojia, ambayo ni bora kuliko moto wa tairi unaochomea nyaya. Lakini hata tanuri bora si safi kabisa. Watoto wa mtaa wa Moretusburg, unaopakana na kiwanda cha Hoboken, walipimwa mwaka 2020 wakakutwa na kiwango cha madini ya risasi katika damu kilichopanda kiasi cha kushtua, na kampuni ikaanza kununua nyumba zilizo karibu zaidi ili familia zihame. Ikiwa hayo yametokea katika nchi yenye wakaguzi, maabara na fedha, ni rahisi kupiga picha ya yanayotokea pale nyaya zinapochomwa hadharani. Katika eneo la Agbogbloshie, jijini Accra, ambako kwa miaka mingi vijana walichoma nyaya ili wapate shaba kabla ya serikali kulibomoa Julai 2021, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba yai moja la kuku wa kienyeji aliyedonoa hapo lilitosha kuvuka kiwango cha sumu ya dayoksini kinachovumilika kwa siku kwa mara 220.

Kuna kikwazo kingine, cha kikemia, ambacho hakisemwi vya kutosha katika matangazo ya kampeni za kukusanya simu. Tanuri hizo hukamata vizuri shaba, dhahabu, fedha na paladiamu, lakini tantalamu huishia katika mabaki yanayofanana na mawe na kwa kawaida hairudishwi. Sumaku za spika na za kitetemeshi zina metali adimu kama neodimiamu, na ripoti ile ya mwaka 2024 inaeleza kwamba urejelezaji wa taka za kielektroniki unakidhi takriban asilimia 1 tu ya mahitaji ya metali hizo adimu duniani. Maana yake ni kwamba hata tungekusanya kila simu iliyokufa Afrika Mashariki na kuisafirisha Ubelgiji, mahitaji ya koltani ya Rubaya yangebaki karibu pale pale. Kinachoweza kuyapunguza ni simu mpya chache kutengenezwa, na simu mpya chache zitatengenezwa pale tu zilizopo zitakapodumu.

Hapo ndipo anapoingia fundi simu. Katika mitaa ya Kariakoo kama Aggrey na Likoma, au Luthuli Avenue jijini Nairobi, kuna wataalamu ambao hakuna wizara iliyowahi kuwahesabu miongoni mwa watumishi wa mazingira, na ambao kwa kazi yao ya kila siku wanazuia hewa ya ukaa nyingi kuliko semina zetu zote. Anabadilisha kioo kilichopasuka, tundu la chaji lililolegea, betri iliyovimba. Anatoa spea katika simu iliyozama majini na kuitia katika ile iliyoanguka, na simu mbili zilizokufa zinakuwa moja iliyo hai na mabaki machache. Anaifleshi simu iliyoganda. Yote hayo huyafanya kwa mita, kikuza macho na bloa ya hewa ya moto, akiwa amejifunza kwa mwenzake, na kwa bei ambayo mwenye duka dogo anaimudu. Ulaya sasa inatunga sheria kuufufua ufundi wa namna hii, baada ya vizazi viwili vya kuuacha upotee. Sisi tunao, na tunauacha upigwe vita bila kuulinda.

Vita hivyo vinaanzia kwenye muundo wa simu yenyewe. Zamani betri ilitolewa kwa ukucha, na hata leo simu ya kitochi inafunguka hivyo. Betri ya simu janja imegandishwa kwa gundi, na kuing'oa kunahitaji joto na bahati, kwa maana ikitobolewa inaweza kulipuka mkononi. Makampuni mengine yameunganisha vipuri na programu, kiasi kwamba kioo halisi kilichotolewa katika simu ya aina ile ile kinakataliwa au kinapoteza baadhi ya kazi zake kwa sababu namba zake hazikuandikishwa na mtengenezaji. Simu za bei nafuu zina tatizo tofauti: hazina kufuli, lakini hutolewa kwa matoleo mengi yanayopishana kwa miezi, na spea za toleo la mwaka juzi hazipatikani tena sokoni. Kisha kuna kifo cha programu, ambapo simu nzima isiyo na mkwaruzo huachwa kwa sababu haipokei masasisho na programu ya kutumiana ujumbe imeacha kuihudumia. Nchini Ufaransa Apple ilitozwa faini ya euro milioni 25 mwaka 2020 kwa kutowaambia wateja kwamba masasisho yangepunguza kasi ya simu zao zenye betri zilizochoka.

Kwetu imeongezeka sababu moja ambayo watunga sera hawajaitazama kwa jicho la mazingira, nayo ni simu za mkopo. Utaratibu wa kulipa kidogo kidogo kila siku umewawezesha mamilioni kumiliki simu janja, na faida yake siipingi. Lakini simu hizo hufungwa kwa mbali mteja anaposhindwa kulipa, na simu iliyofungwa hivyo, mwenyewe akiwa hana uwezo wa kumaliza deni, ni taka ambayo imeundwa kwa makusudi ikiwa bado nzima. Haki ya mkopeshaji inaweza kulindwa kwa njia nyingine, na mkataba unaoruhusu kifaa kizima kugeuzwa kipande cha kioo kisicho na kazi unapaswa pia kumlazimisha mkopeshaji akichukue, akifungue na akirudishe sokoni.

Haitakuwa haki kumsifu fundi na kuificha takataka yake. Meza ya ukarabati huzalisha betri zilizovimba, vioo vyenye gundi, moshi wa kulehemu ambao fundi huuvuta siku nzima bila feni ya kuutoa, na bodi ambazo hazifufuki. Bodi zina soko; kuna wanunuzi wanaozikusanya kwa kilo na kuzisafirisha nje. Betri hazina soko la uhakika, na kwa kuwa haziingizi hela huishia katika gari la taka, ambako zikibanwa na mashine zinawaka moto. Hapa ndipo pipa la kurejeleza lingekuwa na maana, likiwekwa karibu na meza ya fundi na si mlangoni pa duka la simu mpya, kwa sababu fundi mmoja hupokea katika mwezi simu mbovu ambazo familia moja haiwezi kuzikusanya katika maisha yake.

Sheria si kwamba hazipo. Tanzania ilitunga kanuni za usimamizi wa taka za vifaa vya umeme na elektroniki mwaka 2021, chini ya usimamizi wa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC). Kenya ilipitisha Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka mwaka 2022, inayomtaka mzalishaji na mwagizaji kuwajibika kwa bidhaa yake mpaka mwisho wa maisha yake, na kanuni za wajibu huo zikafuata mwaka 2024. Rwanda ina kiwanda cha kuchambua na kurejeleza taka hizo Bugesera, na Nairobi ina kituo cha WEEE Centre kilichoanza mwaka 2012. Kinachokosekana ni fedha kufika mahali simu mbovu ilipo. Mwenye simu iliyokufa anajua kwamba ina thamani fulani, ndiyo maana anaiweka kabatini. Ukimwomba aitoe bure kwa ajili ya mazingira, wengi wataendelea kuiweka. Mwokota taka naye hawezi kuacha kuchoma waya kwa sababu ya bango, ikiwa shaba iliyochomwa inamlipa leo na waya mzima haumlipi.

Ghana imeonyesha njia. Baada ya kutunga sheria yake ya taka hatarishi na za kielektroniki mwaka 2016, na kwa msaada wa Ujerumani, kituo cha kupokelea taka kilianza kununua nyaya kutoka kwa waokotaji kwa bei inayowafidia kwa kutozichoma. Ukilipia kazi ya kukusanya, taka inakusanyika. Kinyume chake ni kilichotokea Kenya mwaka 2024, ambapo serikali iliingiza ushuru wa mazingira katika Muswada wa Fedha, ukigusa bidhaa nyingi zikiwamo za kielektroniki, kabla muswada wote haujaondolewa mwezi Juni kutokana na maandamano. Kutoza bidhaa inayochafua si wazo baya. Ubaya wake ni kuitoza bila kumwonyesha mlipaji ni fundi gani, mkusanyaji gani au kituo gani kitakachopokea shilingi hiyo, na wananchi waliusoma kama kodi nyingine tu yenye jina zuri. Walikuwa na sababu ya kuusoma hivyo.

Mabadiliko ya Mkataba wa Basel, mkataba wa kimataifa unaodhibiti usafirishaji wa taka hatarishi kati ya nchi na nchi, yaliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025 yameongeza ulinzi na ugumu kwa wakati mmoja. Sasa kila shehena ya taka za kielektroniki, iwe hatarishi au la, inahitaji kibali cha nchi inayopokea kabla haijasafirishwa. Hilo linatukinga dhidi ya makontena ya simu mbovu yanayoingia bandarini kwa jina la mtumba. Lakini linamgusa pia mrejelezaji wa Kiafrika anayetaka kupeleka bodi kwenye tanuri salama, kwani anahitaji ridhaa ya nchi kadhaa ambako meli itapita, na karatasi hizo zinaweza kuchukua miezi mingi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ingeweza kufanya jambo la maana hapa kwa kukubaliana utaratibu mmoja wa vibali miongoni mwa wanachama wake, ili bodi na betri za Kigoma au Bujumbura zikusanywe pamoja na za Kigali kabla ya kutafutiwa meli.

Hatua ya haraka zaidi, hata hivyo, haihitaji mkataba mpya. Kila aina ya simu inayoingizwa kihalali hupitia uidhinishaji wa mamlaka ya mawasiliano, ambayo hupima mionzi, masafa na viwango vya kiufundi. Tangu tarehe 20 Juni 2025 Umoja wa Ulaya unamtaka mtengenezaji anayeuza simu katika soko lake atoe vipuri kwa miaka 7 na masasisho kwa miaka 5 baada ya toleo hilo kuacha kuuzwa, na aweke betri inayohimili mizunguko 800 ya kuchaji ikiwa bado na asilimia 80 ya uwezo wake. Kuanzia Februari 2027 betri za vifaa vya namna hiyo zitatakiwa ziweze kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe, ingawa kwa simu zenye betri za kudumu sana kumebakizwa upenyo. Viwanda vinavyotii masharti hayo kwa ajili ya Paris na Berlin vinaweza kuyatii kwa ajili ya Mwanza na Kisumu. TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya na wenzao wa nchi nyingine za Jumuiya ya Afrika Mashariki wakiyaandika kwa pamoja katika fomu zao za uidhinishaji, pamoja na sharti kwamba michoro ya ukarabati na vipuri visivyofungwa kwa programu viuzwe kwa fundi yeyote, soko la watu wanaozidi milioni 300 katika jumuiya hii halitapuuzwa. Na ada ya mzalishaji ambayo kanuni za Kenya zimekwisha kuiwekea msingi ianze kununua betri zilizovimba na bodi zilizokufa kwa kilo, kwa bei iliyotangazwa, pale pale zinapokusanyika, katika mitaa ya mafundi.